Dizaini inakwama, timu iko mbali: dalili, visababishi na pa kuanza kurekebisha

Timu ya programu ikikwama kwenye dizaini, dawa inayokimbiliwa kwanza ni mkutano. Dizaini imechelewa, mkutano. Kilichojengwa si kilichochorwa, mkutano. Mteja analalamika, mikutano miwili. Timu inayokaa chumba kimoja haidhuriki sana na hilo. Lakini mbunifu akiwa Nyali, Mombasa, wasanidi (waandika programu) wawili wako Kisauni na Mtwapa, mwenye bidhaa (anayeamua kijengwe nini) yuko London na mpimaji yuko New York, kila mkutano unakula saa za pamoja, na saa hizo ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Tangazo la Ajaili (Agile, mtindo wa kujenga programu kwa hatua fupi fupi) la mwaka 2001 liliandikwa na watu 17 waliokutana Utah, Marekani, na mojawapo ya kanuni zake 12 inasema kwamba mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo njia bora ya kupashana habari ndani ya timu. Timu za mbali zimerithi taratibu zote, yaani sprinti (duru fupi ya kazi), kikao cha kila siku cha dakika 15 na retro (kikao cha kutazama nyuma sprinti ikiisha), ila chumba hazikurithi. Zamani msanidi aligeuza kiti akauliza, "Hiki kitufe mtandao ukikatika kinakuwaje?" akajibiwa pale pale. Leo swali hilo halina mahali, na dalili nyingi zilizomo humu ni swali la namna hiyo lililopotea njiani.

Anza na dalili inayokera zaidi. Usirekebishe mbili katika sprinti moja, hutajua ni ipi iliyosaidia.

"Tulikubaliana saa kumi, mbona hakuna mtu?"

Hili tunalitanguliza kwa sababu kulipima ni bure na mara nyingi ndilo chanzo cha mengine.

Kisababishi cha kwanza ni saa yenyewe. Mtu wa Mombasa akiandika "tukutane saa kumi" anamaanisha 16:00. Mwenzake wa ng'ambo anayepitisha ujumbe kwenye programu ya kutafsiri anapata 10:00, yaani mapema kwa muda wa saa sita. Hata Wakenya wenyewe huteleza wakiandika "saa 10:00", kwa kuwa anayesoma hajui kama tarakimu zile ni za Kiswahili au za simu. Weka kanuni moja: muda uandikwe kwa saa 24 pamoja na kanda (yetu ni EAT, Saa za Afrika Mashariki), halafu maneno yafuate, kwa mfano "16:00 EAT, saa kumi jioni". Mwaliko utumwe kupitia kalenda, usiishie kwenye ujumbe wa WhatsApp, maana kalenda humgeuzia kila mtu saa yake.

Kisababishi cha pili: sisi hatusogezi saa, wao wanasogeza. Mombasa iko UTC+3 (saa 3 mbele ya saa ya kimataifa) mwaka mzima. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa kiangazi chao; Berlin saa 2, kisha saa 1; New York saa 8, kisha 7. Tena hawasogezi siku moja. Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kuna majuma mawili hivi mwezi Machi, na juma moja kuelekea Novemba, ambapo mkutano uliozoeleka unagongana na mwingine. Tia alama siku hizo kwenye kalenda ya timu mapema.

Sasa hesabu saa za pamoja. Kila mtu akifanya kazi 9:00 hadi 17:00 kwake, Mombasa na London zinakutana kwa saa 5 wakati wa baridi na 6 wakati wa kiangazi. Mombasa na New York zinakutana kwa saa 1 kiangazi, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni yetu. Wakati wa baridi hazikutani kabisa. Toa Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, watu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani toa pia magharibi: mkutano wa 10:00 ya New York wakati wa baridi unaangukia 18:00 yetu, watu wanaandaa futari. Anayepanga mkutano muda huo halafu akashangaa kamera zimezimwa, ajilaumu mwenyewe.

Ukishapata idadi, zitumie saa hizo kwa mambo matatu tu: kutatua mabishano, kutazama jaribio la watumiaji kwa pamoja, na kupitia mtiririko mpya wa skrini kabla haujaingia kwenye sprinti. Taarifa za maendeleo ziandikwe. Kikao cha kila siku kinaweza kuwa ujumbe wa mistari mitatu kabla ya saa nne asubuhi: nilichomaliza, ninachofanya, uamuzi ninaoungojea na mtu ninayemngojea. Mstari wa tatu ndio wenye thamani kwa mbunifu.

"Wasanidi wanangoja dizaini"

Sprinti inaanza Jumatatu, mpaka Alhamisi wasanidi bado hawana skrini. Kabla ya kumlaumu mbunifu, fungua historia ya tiketi (kadi za kazi) tano za mwisho kwenye Jira, Trello au programu yoyote mnayopangia kazi. Linganisha muda tiketi iliokaa "Inachorwa" na muda iliokaa "Inangoja maoni". Kama kungoja kumezidi kuchora, tatizo ni la maamuzi, na hata mkiajiri mbunifu wa pili mtakuwa mmeongeza tu foleni, kama magari upande wa Likoni feri ikiwa moja.

Kisababishi kikiwa ni maamuzi: kila tiketi ya dizaini iwe na jina la mtu mmoja anayekata shauri, na muda wa mwisho. "Kimya hadi 15:00 EAT kesho, tunakwenda na chaguo A" ni sentensi halali, mradi timu nzima imeikubali mapema na mwenye bidhaa anajua kwamba kimya chake kinahesabiwa.

Kisababishi kikiwa kuchora na kujenga vinafanyika ndani ya sprinti ile ile, mbunifu atangulie sprinti moja. Kwa sprinti ya siku 10 za kazi, mpangilio unaofanya kazi ni huu. Siku ya 1, chukua kazi mbili au tatu za juu kwenye orodha ya zinazosubiri. Siku ya 2 na ya 3, michoro ya kalamu au miraba mitupu, bila rangi. Siku ya 4, msanidi mmoja aitazame nusu saa na kujibu maswali mawili: data hii tunayo? na kipi hapa kitachukua zaidi ya siku tatu? Maswali haya yakiulizwa siku ya 9 ni hasara tupu. Siku ya 5 na 6, mfano wa kubofya. Siku ya 7, jaribio na watumiaji. Siku ya 8, marekebisho. Siku ya 9, tiketi zinaandikwa kamili. Siku ya 10 ni ya kukagua kilichojengwa kutokana na dizaini za sprinti iliyopita.

Katika siku hizo zote, mbunifu aache takriban moja ya tano ya muda wake kwa maswali ya sprinti inayoendelea. Asipoacha, maswali yatakuja vilevile na ratiba itavunjika.

Usitangulie sprinti mbili. Dizaini iliyokaa mwezi inachacha: bei zimebadilika, kanuni ya malipo imebadilika, na msanidi aliyeitazama siku ya 4 amesahau alisema nini.

"Hiki sicho nilichochora"

Hapa ndipo penye mengi.

Angalia kwanza hali za skrini. Mbunifu amechora skrini ikiwa na data nzuri, majina mafupi, mtandao mzima. Msanidi anakutana na hali ambazo hazikuchorwa na, kwa kuwa mbunifu amelala au yuko foleni ya feri, anabuni mwenyewe. Kila skrini inayokwenda kwa msanidi iwe na hali hizi saba, hata kwa mchoro wa haraka: tupu, inapakia, ina data kidogo, ina data nyingi, kuna kosa, hakuna mtandao, mtumiaji hana ruhusa. Kwa skrini ya malipo ongeza ya nane: pesa imekatwa kwenye M-Pesa lakini uthibitisho haujafika. Hali hiyo mtumiaji wa Kenya anaijua vizuri, na skrini isiyoisemea itamfanya alipe mara mbili.

Pili, toleo. Msanidi alifungua faili Jumanne, mbunifu akasogeza vitu Jumatano, hakuna aliyekosea na wote wawili wana ushahidi. Kwenye Figma, programu ya kuchorea skrini, hifadhi toleo lenye jina siku ya makabidhiano, na kiungo cha tiketi kielekee fremu iliyokubaliwa. Kiungo cha ukurasa mzima kinamwachia msanidi kubahatisha. Weka ukurasa mmoja wa "Tayari kujengwa" ambao haubadilishwi bila kuandika kwenye tiketi, na ukurasa mwingine wa rasimu ambao mbunifu anaruhusiwa kuuchafua apendavyo.

Tatu, maneno. Timu nyingi huchora kwa Kiingereza na kutafsiri wiki ya mwisho, kisha wanashangaa vitufe vinapasuka. Neno la Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani yake: "Hatukukutambua" ni neno moja, halikatiki katikati, na kwenye kitufe chembamba cha skrini yenye upana wa dp 360 (dp ni kipimo cha skrini za Android) linaweza kusukuma kila kitu. Tia maandishi ya Kiswahili tangu mchoro wa kwanza, na jaribu kwa neno refu kuliko yote mliyonayo.

Ila urefu ndio udogo wa tatizo hilo. Ngeli ndizo zinazoumiza. Msanidi aliyezoea Kiingereza anaandika kiolezo kimoja: jina la bidhaa, kisha "imeongezwa kwenye kikapu". Kinafanya kazi kwa "Sabuni imeongezwa". Halafu mteja anaongeza mchele, mafuta na viatu, na programu inasema "Mchele imeongezwa", "Viatu imeongezwa". Ni makosa ambayo mtoto wa darasa la tatu angeyakosoa, na mteja wa Mji wa Kale atacheka kisha ataacha kuiamini programu nzima. Nyenzo nyingi za tafsiri zinajua kutofautisha umoja na wingi, ngeli hazizijui. Suluhisho ni kugeuza sentensi ili kitenzi kimfuate mtumiaji: "Umeongeza kwenye kikapu: Mchele". Badala ya "Bidhaa 3 zimechaguliwa" andika "Umechagua bidhaa: 3". Kanuni hii iwekwe kwenye maktaba ya vijenzi (vipande vya skrini vinavyotumika tena na tena), pale pale penye kijenzi cha ujumbe, maana msanidi hatafungua waraka mwingine kuitafuta.

Na saa tena, safari hii ndani ya programu. "Mzigo utafika 10:00" mtumiaji anausoma kama anavyosoma saa ya simu, anajua ni saa nne. Ukiandika "Mzigo utafika saa 10:00" umemchanganya. Kwenye maandishi ya Kiswahili andika "saa 4:00 asubuhi", neno la wakati wa siku lisikosekane.

Mwisho kabisa, vipimo. Maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa rangi usiopungua 4.5:1 na mandharinyuma, maandishi makubwa 3:1, kama WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, inavyotaka. Sehemu za kugusa ziwe dp 48 kwa Android. Kijivu hafifu kinachopendeza ofisini chini ya kiyoyozi hakisomeki juani sokoni Kongowea saa saba mchana, na hilo halihitaji utafiti, toka nje na simu.

"Inapendeza"

Mbunifu anapandisha kazi kwenye Slack, programu ya gumzo la kazini, anapata dole gumba sita na hakuna la maana. Kisababishi karibu kila mara ni swali: "Mnaonaje?" hujibiwa kwa adabu. Uliza kinachoweza kujibiwa vibaya: "Mtu ambaye hajawahi kutuma mzigo atajua kwamba lazima aweke namba ya mpokeaji kabla ya kulipa? Kama hapana, ni skrini ipi inayomponza?" Tuma video ya dakika tatu ukipitia mtiririko, swali moja hadi matatu, na muda wa mwisho. Wataje watu kwa majina. Swali lililotumwa kwa kundi zima halina mwenyewe. Wasanidi vijana pia huona haya kumkosoa mkubwa mbele ya watu, basi waombe waandike maoni yao kabla hawajaona ya wengine.

"Utafiti tutafanya sprinti ijayo"

Sprinti ijayo haifiki. Kisababishi ni kwamba kila jaribio linaanzwa upya: kutafuta watu, kuandika maswali, kuomba ruhusa. Geuza iwe siku maalumu, siku ya 7 ya kila sprinti, watu wamekwisha kualikwa kabla hata haijajulikana kitakachojaribiwa.

Watu watano wanatosha kwa duru moja. Hesabu ya watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993 ilionyesha kwamba mtumiaji mmoja hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, hivyo watano hufika karibu asilimia 85. Sharti ni wawe wa aina moja. Wenye maduka watatu na waendesha bodaboda wawili si watano, ni watatu na wawili.

Panga dakika 45 kwa kila mtu: 5 za salamu na ruhusa, 30 za kazi tatu au nne, 10 za maswali. Salamu zisifupishwe. Mtu mzima wa Pwani ukimrukia na "bofya hapa" kabla ya kumjulia hali, atakujibu yale unayotaka kusikia ili muachane. Mwendeshaji aongee Kiswahili, na wenzake wa ng'ambo wasikilize huku mtu wa pili akiwaandikia mafupi. Kumweka mtu wa London aendeshe kwa Kiingereza, mama ntilie akimjibu "it's okay" kila swali, ni kupoteza saa nzima.

Tumia simu ya mtumiaji mwenyewe. Simu yake ina hifadhi iliyojaa, kioo kilichopasuka na bando la leo tu, na ndivyo vitu vitakavyoiangusha programu yenu. Mpe bando kabla ya jaribio, na ahsante ya shilingi 500 hadi 1,000 kwa M-Pesa papo hapo. Kuchelewesha hadi "mwisho wa mwezi" kunafunga mlango wa duru ijayo, kwa maana habari husafiri.

Kurekodi kunahitaji ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka mtu aambiwe data yake inachukuliwa kwa sababu gani, na aweze kuondoa ridhaa yake. Inaweka pia masharti ya kupeleka data nje ya nchi, jambo linalokuhusu moja kwa moja kama rekodi zinatazamwa Berlin. Andika ridhaa kwa Kiswahili cha kawaida, nusu ukurasa, na futa rekodi tarehe mliyoahidi.

Matokeo yasiwe ripoti. Andika matatizo matano, kila moja na kipande cha video cha sekunde 30, moja kwa moja kwenye tiketi inayohusika. Ripoti ya kurasa 20 husomwa na aliyeiandika.

"Tunakusikia vipande vipande"

Mtu wa ng'ambo hushangaa: nyaya za chini ya bahari kama TEAMS, SEACOM na EASSy si zinatua Mombasa? Zinatua, lakini Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Isitoshe, waya wa baharini hausaidii kitu stima ikipotea mtaani.

Pima kabla ya kununua. Video ya 1 Mbps hutafuna takriban MB 450 kwa saa. Sauti peke yake ya kbps 64 ni MB 29 hivi. Kwa hiyo anayetumia hotispoti azime video zinazoingia, siyo kamera yake tu, maana zinazoingia ndizo nyingi. Rauta ni kifaa cha wati chache na betri ndogo ya akiba huiendesha kwa saa kadhaa. Kompyuta mpakato ina betri yake. Wengi wananunua jenereta kabla ya kujaribu hilo.

Faili ya Figma iliyokwisha kufunguka huendelea kuharirika mtandao ukikatika na mabadiliko hupanda ukirudi, ila ambayo haikufunguliwa haitafunguka. Fungua kurasa za kazi ya siku asubuhi. Kabla ya wasilisho, toa skrini kuu kama PDF na umtumie mwenzako mmoja aliye mtaa mwingine, aendeleze yeye ukipotea hewani.

"Mbunifu mmoja, timu tatu"

Dalili yake ni kwamba anahudhuria kila kitu na hakuna anachomaliza. Vikao vitatu vya kila siku vya dakika 15, pamoja na muda wa kurudisha akili kwenye kazi, vinakula asubuhi yote. Timu mbili zinabebeka zikipishanisha siku ya 1 ya sprinti zao kwa juma moja, ili siku za 7 zisigongane. Timu ya tatu ipewe saa mbili zilizotangazwa, Jumatano mchana kwa mfano, itumie vijenzi vilivyopo kwenye maktaba, na ikitaka kijenzi kipya ingoje zamu yake.